Msitu wa Juu, Shamba la Chini: Hesabu ya Kaboni na Wajibu wa Vyama Vyetu



Katika miaka ya karibuni neno "kaboni" limeingia katika mikutano ya vijiji na ya vyama. Hapo zamani lilikuwa neno la darasani. Leo linatajwa katika mikataba, katika kanuni za Serikali, na katika mazungumzo ya wageni wanaofika kuuliza habari za misitu na ardhi ya wananchi. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi msitu ulio juu ya mashamba ya Karatu unavyofanya kazi, jinsi wataalamu wanavyopima kaboni iliyomo katika miti, na mambo ambayo Katibu na Kamati yake hawana budi kuyajua kabla chama hakijatia sahihi karatasi yoyote inayohusu jambo hili. Somo lenyewe si gumu kuliko leja. Mtu awezaye kupokea kahawa kwenye mizani, kuandika stakabadhi na kufunga hesabu za mwaka, anaweza kuielewa hesabu ya kaboni.

Msitu Wenyewe

Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini umeikumbatia miteremko ya mashariki na ya kusini ya milima ya Ngorongoro. Unaanzia karibu na ukingo wa kreta, ulio kwenye mwinuko wa meta zipatazo 2,300, unapita katika mlima Oldeani, ambao kilele chake kinazidi meta 3,000, na kushuka hadi mpakani mwa mashamba ya Karatu. Msitu huo umo ndani ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, lenye kilomita za mraba zipatazo 8,300.

Msitu haukuota upande huo kwa bahati. Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi hukutana na miteremko hiyo, zikapanda, zikapoa, na kuangusha mvua na ukungu. Pepo hizo zikiisha kuvuka milima huwa zimekwisha kupungukiwa na maji. Ndiyo maana upande wa magharibi, kuelekea Olduvai, nchi ni kavu na ni ya majani mafupi. Mwaka 1972 wataalamu Herlocker na Dirschl walichapisha ripoti na ramani ya uoto wa eneo lote la Ngorongoro, na tofauti hiyo ya pande mbili inaonekana wazi humo. Katika sehemu zenye mvua zaidi msitu ni mzito, wenye miti ya majani mapana kama mruka. Katika sehemu kavu zaidi kuna mwangati na mzeituni pori. Juu mlimani kuna mianzi. Jina Oldeani lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mianzi, na tangu mwaka 2013 wataalamu wa mimea wameiita jamii hiyo ya mianzi ya milima ya Afrika Oldeania, kutokana na neno hilohilo. Hivyo jina la jirani yetu limeingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Msitu na Maji

Mwanachama aweza kuuliza: mimi nalima mahindi, mbaazi, kahawa au vitunguu, msitu wa hifadhi wanihusu nini? Jibu la kwanza ni maji.

Mvua ikinyesha juu ya ardhi tupu hupiga udongo, hukimbia juu yake na kuchimba makorongo. Mvua ileile ikinyesha juu ya msitu hupokelewa na majani, ikateremka polepole kwenye mashina, ikaingia katika tabaka la majani makavu na mizizi, kisha ikazama katika udongo wa volkano. Maji hayo husafiri chini ya ardhi na kutokea mbali katika chemchemi. Chemchemi za bonde la Eyasi, zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola, hulishwa na maji ya nyanda hizi za juu. Msitu mnene wa Ziwa Manyara karibu na Mto wa Mbu, uliomo katika nchi yenye mvua haba, unaishi kwa maji yaliyochujwa na miamba ya milima hiihii. Mto Endoro nao watoka katika msitu huu.

Historia nayo ina ushahidi wake. Chini ya milima, upande wa mashariki, yapo magofu ya Engaruka. Watu wa hapo walijenga mifereji na matuta ya mawe wakalima kwa umwagiliaji kwa karne kadhaa, wakitegemea vijito vishukavyo kutoka nyanda za juu. Mashamba hayo yaliachwa katika karne ya 18 au karibu yake. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya sababu, na kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Lililo hakika ni kwamba kilimo kile kilisimama juu ya maji yaliyotoka mlimani, kama kilimo cha Mang'ola kinavyosimama leo.

Somo jingine latoka kwa jirani zetu wa Kilimanjaro. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ameuchunguza msitu wa mlima ule kwa miaka mingi. Mwaka 2005 alieleza kwamba mioto ya msituni imeishusha mipaka ya juu ya msitu na kupunguza maji ambayo miti hunasa kutoka katika ukungu, na kwamba hasara hiyo ya maji ni kubwa kuliko ile itokanayo na kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Watu wengi hutazama barafu kwa huzuni. Mtaalamu huyu anatuelekeza tutazame msitu.

Kaboni ni Nini?

Hewa tunayoivuta ina kiasi kidogo cha hewa ukaa, ambayo ndani yake mna kaboni. Mti huivuta hewa ukaa kwa majani yake, na kwa nguvu ya jua huitenga kaboni na kuijengea shina, matawi na mizizi. Mbao kavu ni kaboni kwa karibu nusu ya uzito wake; wataalamu hutumia asilimia 47. Mti ukichomwa au ukioza, kaboni hiyo hurudi hewani ikiwa hewa ukaa. Kila kilo moja ya kaboni hutoa kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu hujiunga na oksijeni iliyomo hewani.

Hewa ukaa ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke, na majira ya mvua hubadilika. Ndiyo maana dunia inataka kujua misitu imehifadhi kaboni kiasi gani, na kila mwaka inaongeza au kupunguza kiasi gani.

Katibu ataielewa hesabu hii akiilinganisha na leja. Msitu una bakaa ya kuanzia, yaani kaboni yote iliyomo katika miti, mizizi, kuni zilizoanguka na udongo. Una mapato, ambayo ni kukua kwa miti iliyopo na kuota kwa mipya. Una matumizi: miti inayokufa, inayokatwa, inayoungua na inayooza. Mwisho wa mwaka kuna bakaa ya kufungia. Msitu wenye mapato makubwa kuliko matumizi unavuta kaboni kutoka hewani. Ule wenye matumizi makubwa kuliko mapato unairudisha, hata kama bado unaonekana wa kijani kwa macho ya mpita njia.

Udongo nao usisahauliwe. Duniani kote udongo umehifadhi kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote kwa pamoja. Korongo linapochimba shamba halichukui rutuba tu, linachukua na kaboni iliyokusanyika kwa karne nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, wameonyesha kwamba udongo unaoingia katika Ziwa Manyara umeongezeka katika karne iliyopita. Udongo huo ni wa mashamba na malisho ya juu.

Jinsi ya Kuupima Mti Bila Kuukata

Mti uliosimama hauwekwi kwenye mizani. Wataalamu walianza kwa kukata miti michache ya kila aina, wakaipima vipande vipande, na wakachimbua hata mizizi. Kisha wakatafuta uhusiano kati ya uzito waliouona na vipimo ambavyo mtu anaweza kuvichukua bila shoka: unene wa shina, urefu wa mti na uzito wa ubao wake. Katika nchi yetu kazi hii imefanywa hasa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mwaka 2016 Rogers Malimbwi, Tron Eid na Shaban Chamshama walihariri kitabu kilichokusanya kanuni za kukadiria uzito na ujazo wa miti ya Tanzania. Kabla yake, mwaka 2014, Jérôme Chave na wenzake walitoa kanuni ya nchi za joto kwa jumla, iliyojengwa juu ya miti 4,004 iliyokatwa na kupimwa katika sehemu 58.

Unene hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani meta 1.3 kutoka ardhini. Mpimaji huzungusha utepe kwenye shina na kugawanya mzunguko kwa 3.14. Mzunguko wa sentimeta 126 ni unene wa sentimeta 40.

Tuchukue mfano. Miti mitatu ina ubao wa uzito mmoja, ambapo sentimeta moja ya ujazo ina gramu 0.6. Kwa kanuni ya Chave hesabu huja hivi:

Mti wa kwanza una unene wa sentimeta 20 na urefu wa meta 14. Uzito wake mkavu juu ya ardhi ni kilo zipatazo 186, na kaboni yake ni kilo 87.

Mti wa pili una unene wa sentimeta 40 na urefu wa meta 20. Uzito wake ni kilo zipatazo 1,020, na kaboni ni kilo 479.

Mti wa tatu una unene wa sentimeta 80 na urefu wa meta 30. Uzito wake ni kilo zipatazo 5,860, na kaboni ni kilo 2,750.

Mwanachama na aitazame hesabu hii kwa makini. Unene ukiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka zaidi ya mara tano. Mti mmoja wa sentimeta 80 una kaboni sawa na miti 31 ya sentimeta 20. Kwa hiyo asemaye, "Nitakata mti mmoja mkubwa na kupanda miche kumi badala yake," hajalipa deni lake. Amelianza tu kulilipa, na atalimaliza ikiwa miche yote itapona na kukua kwa miaka mingi.

Yale Yaliyogunduliwa na Wataalamu

Mwaka 2004 Pantaleo Munishi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na mwenzake Shear, alichapisha utafiti juu ya kaboni iliyomo katika misitu ya milima ya Usambara na Uluguru. Huo ulikuwa miongoni mwa tafiti za mwanzo kuonyesha kwamba misitu yetu ya milimani ni ghala kubwa la kaboni. Baadaye Serikali ilifanya tathmini ya misitu ya nchi nzima, na matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2015, yalionyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, ambazo ni zaidi ya nusu ya ardhi yote.

Tarehe 25 Agosti 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Aida Cuni-Sanchez na kushirikisha wanasayansi zaidi ya mia kutoka nchi nyingi. Waliipima miti 72,336 katika viwanja 226 vya misitu ya milimani, katika nchi 12 za Afrika. Waliona kwamba kwa wastani hekta moja ya msitu wa milimani ina tani 149.4 za kaboni katika miti iliyo juu ya ardhi. Kiwango kilichokuwa kikitumiwa na wataalamu wa kimataifa kwa misitu hiyo kilikuwa tani 89.3 tu. Kwa maneno mengine, misitu ya milima ya Afrika ilikuwa imepunjwa kwenye mizani. Utafiti uleule ulieleza kwamba hekta milioni 0.8 za misitu hiyo zilikwisha kupotea tangu mwaka 2000.

Sababu mojawapo ya uzito huo ni wingi wa miti mikubwa. Watafiti hao walitaja pia tembo kuwa huenda wanachangia, kwa kuwa tembo hula na kuvunja miti midogo, ile michache inayobaki ikapata nafasi ya kunenepa. Mkulima wa Karatu ambaye mahindi yake yamekanyagwa usiku hataona faraja katika habari hii, na ana haki yake. Hata hivyo yafaa ajue kwamba mnyama yuleyule ana kazi yake huko msituni.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Wannes Hubau na kuchapishwa mwaka 2020, ulifuatilia viwanja 244 vya misitu isiyoguswa katika nchi 11 za Afrika. Ulionyesha kwamba kwa miongo mitatu hadi mwaka 2015 kila hekta ilivuta tani 0.66 za kaboni kwa mwaka, lakini dalili za kupungua zilianza kuonekana tangu mwaka 2010 hivi, kwa sababu miti imezidi kufa. Misitu hiyo mingi ni ya nchi za chini na si ya milimani, kwa hiyo tusiilinganishe na yetu kwa kilo na gramu. Lakini kwa mfano tu: mapato ya tani 0.66 kwa mwaka yangehitaji miaka zaidi ya 220 kufikia akiba ya tani 149. Akiba ya karne mbili inaweza kuteketezwa kwa moto wa juma moja. Mwenye busara hulinda kwanza akiba aliyo nayo, ndipo atafute mapato mapya.

Msitu wa Lerai, uliomo ndani ya kreta yenyewe, una fundisho la namna yake. Miti yake ya migunga ya manjano imekuwa ikifa kwa wingi. Hakuna mwanakijiji aliyeikata. Utafiti wa Anthony Mills uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba chumvi katika udongo ni sababu mojawapo kubwa ya kufa huko. Maji yanayotoka ukingoni yakibadilisha njia au yakipungua, chumvi hubaki na kujaa, na mti hufa ukiwa umesimama. Kwa hiyo leja ya msitu inaweza kuonyesha hasara bila ya mwizi. Ndiyo maana kupima mara moja hakutoshi. Kiwanja kilekile hupimwa tena na tena, mti kwa mti, kwa miaka mingi, kama vile hesabu za chama zinavyokaguliwa kila mwaka.

Wanavijiji Wanaweza Kupima

Wapo wadhanio kwamba kazi hii ni ya watu wenye shahada tu. Eliakimu Zahabu wa Chuo Kikuu cha Sokoine alionyesha vinginevyo. Katika utafiti wake, aliouhitimisha mwaka 2008, alifanya kazi na wanavijiji katika misitu ya jamii, ukiwamo wa Kitulangalo mkoani Morogoro. Wanavijiji walifundishwa kuweka viwanja, kupima unene wa miti na kuandika takwimu, na walionekana kuwa wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa uhakika na kwa gharama ndogo kuliko wataalamu kutoka mbali. Huo ni msingi wa ushirika: mwenye mali ajue kuipima mali yake. Mkulima asiyejua kusoma mizani huuza kilo kumi na kulipwa nane.

Karibu nasi upo mfano wa jamii iliyokwisha kuingia katika biashara hii. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, katika vijiji vya Domanga na Mongo wa Mono, walipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011. Kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania, na chini ya kiwango cha kimataifa kiitwacho Plan Vivo, wameuza kaboni inayotokana na kuzuia ufyekaji wa pori lao. Fedha zimetumika kulipa walinzi wa vijijini na kugharimia matibabu na masomo. Tuzingatie mpangilio wa mambo hapo: hati ya ardhi ilikuwa msingi. Asiye na haki ya ardhi hana kaboni ya kuuza.

Tahadhari na Maswali ya Kuuliza

Kaboni huuzwa kwa hati, na kila hati ni tani moja ya hewa ukaa. Mnunuzi, ambaye mara nyingi ni kampuni ya nchi za nje, hulipa ili ahesabiwe kuwa amefidia moshi wake. Biashara hii ina watu wema na ina walaghai. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Thales West na wenzake juu ya miradi 26 katika nchi sita, Tanzania ikiwamo. Waliona kwamba mingi kati ya miradi hiyo haikupunguza ukataji wa misitu kwa kiasi kilichodaiwa. Kwa hiyo Kamati ya chama isikubali wala kukataa kwa haraka. Iulize maswali haya:

1. Ardhi na miti ni ya nani? Msitu wa hifadhi ulio juu yetu si mali ya chama wala ya mwanachama. Hatuwezi kuuza kaboni yake. Chama chaweza kuzungumzia miti iliyo katika mashamba ya wanachama na katika ardhi ya kijiji iliyo na hati tu.

2. Bila mradi ingekuwaje? Mnunuzi hulipia tofauti tu. Kama miti ingesimama hata bila mradi, hakuna kilichouzwa.

3. Uharibifu umehamia wapi? Tukilinda kichaka chetu na kwenda kukata kuni kwa jirani, leja ya dunia haijabadilika.

4. Mkataba ni wa miaka mingapi, na nani atausimamia? Wanachama wazee watakumbuka kwamba vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Ahadi ya miaka thelathini iliyotolewa na chama mwaka 1975 ingemkosa mwenyewe baada ya mwaka mmoja. Lazima iandikwe wazi ni nani atarithi wajibu na ni nani atarithi malipo.

5. Kati ya kila hati inayouzwa, mwanachama anapata sehemu gani, baada ya gharama za nani, na atalipwa lini?

6. Mradi umesajiliwa? Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022 na kuzirekebisha mwaka 2023. Chuo Kikuu cha Sokoine kina Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni. Chama kiulize huko, na kwa Afisa Ushirika wa Wilaya, kabla ya kutia sahihi.

Wanachama wasidanganyike pia kuhusu ukubwa wa faida. Tuseme mwanachama amepanda migrevilia 50 mpakani mwa shamba lake, na kila mmoja umefikia unene wa sentimeta 20 kama mti wa kwanza katika mfano wetu. Miti yote 50 ina kaboni ya tani 4.4, sawa na tani 16 za hewa ukaa. Ikiwa imechukua miaka 15 kufikia hapo, ni hati moja kwa mwaka, kabla ya kukata gharama za kupima, kukagua na kuandikisha. Kwa mkulima mmoja hiyo si mali. Kwa chama chenye wanachama mia tano ni hati mia tano kwa mwaka, na hapo ndipo umoja unapokuwa na maana, kama ulivyokuwa kwa gunia la kahawa. Hata hivyo faida kubwa ya mti huo haimo katika hati. Imo katika kivuli cha kahawa, katika nguzo na mbao, katika kuni zinazomwepusha mama kwenda msituni, na katika upepo unaozuiwa usiukaushe udongo.

Kazi Iliyo Mbele ya Vyama

Bila kungoja mradi wowote, kila chama kinaweza kuanza haya:

(a) Kuandika daftari la miti: idadi ya miti katika mashamba ya wanachama, aina zake na mzunguko wa shina kwenye kimo cha kifua. Utepe wa fundi cherehani watosha. Daftari hilo lirudiwe kila baada ya miaka mitatu.

(b) Kuanzisha kitalu cha chama, chenye miti ya kivuli, ya kuni na ya asili, ili haja ya kuni na nguzo ipatikane shambani.

(c) Kuhimiza majiko yanayotumia kuni kidogo, na kupanga namna ya kuchoma matofali bila kumaliza miti.

(d) Kulinda udongo kwa makinga maji, samadi na mazao funika. Wairaqw wa Mama Isara walifahamu matumizi ya samadi na hifadhi ya miteremko kabla ya maafisa ugani kufika. Elimu hiyo ni yetu, na haifai kuiacha ipotee wakati mashamba yamepanuka kuja Karatu.

(e) Kushiriki kuzima na kuzuia mioto mpakani mwa hifadhi, na kutoa taarifa mapema wakati wa kiangazi.

(f) Kumchagua mwanachama kijana mmoja kutoka kila tawi, ajifunze upimaji wa miti, ili siku mgeni atakapokuja na takwimu zake, chama kiwe na takwimu zake mezani.

Ndugu wanachama, wataalamu wamefanya kazi yao: wamepima, wamerudia kupima, na wamesahihisha makosa ya waliotangulia. Wametuonyesha kwamba msitu ulio juu ya Karatu ni ghala la maji na la kaboni kwa pamoja, kwamba miti mikubwa ndiyo iliyobeba mzigo, na kwamba akiba iliyokusanyika kwa karne hairudi kwa msimu mmoja. Kilichobaki ni kazi ya vyama. Makatibu wanaombwa waisome taarifa hii katika mkutano mkuu ujao, waweke suala la daftari la miti katika ajenda, na walete kwa Chama Kikuu nakala ya mkataba wowote wa kaboni watakaoletewa, kabla sahihi haijatiwa.